Namna ya Kusoma na Kulinganisha Rekodi za Takwimu za Lakrosi ya Wanawake Katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Atakayefungua orodha ya rekodi za lakrosi ya wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani atakuta majina na namba zilizopangwa safu kwa safu, na kishawishi chake cha kwanza kitakuwa kumnakili aliye juu na kuondoka. Namba hizo ni za kweli, lakini kila moja ina masharti yake: ilipatikana katika daraja fulani, chini ya sheria za kipindi fulani, kwa idadi fulani ya mechi, na kwa uamuzi wa mtu aliyeketi pembeni mwa uwanja akipima kama pasi ile ilistahili kuhesabiwa kuwa pasi ya bao au la. Mwongozo huu unamlenga mwandishi wa michezo, mhariri wa kamusi elezo, au mzazi ambaye binti yake anacheza huko, na ambaye anataka kuzisoma rekodi hizo kwa usahihi na kuzilinganisha kwa haki.

Kwa asiyeujua mchezo, yatosha kusema kwamba timu mbili zenye wachezaji 12 kila moja, kipa akiwemo, hugombea mpira mdogo kwa fimbo zenye wavu kichwani, kila timu ikitafuta kuutia katika goli la wapinzani. Mechi ni ya dakika 60, ambazo tangu msimu wa 2022 zimegawanywa katika robo nne za dakika 15, badala ya vipindi viwili vya dakika 30 vilivyotumika zamani. Mchezo huanzishwa na wachezaji wawili wanaosimama katikati ya uwanja, mpira ukiwa umebanwa kati ya fimbo zao. Filimbi ikilia, huunyanyua juu na kuugombea pamoja na wenzao walio karibu. Utaratibu huohuo hurudiwa baada ya kila bao. Jambo hili ni la kushikwa tangu mwanzo, kwa sababu tofauti na soka, ambako timu iliyofungwa ndiyo inayopewa mpira, timu iliyofunga katika lakrosi inaweza kuupata tena papo hapo na kufunga tena, na ndiyo maana mbio za mabao matano au sita mfululizo si ajabu.

Jua kwanza rekodi ni ya daraja gani na inaanzia wapi

Chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu Marekani, NCAA, kilianza kuandaa ubingwa wa lakrosi ya wanawake mwaka 1982, na bingwa wa kwanza alikuwa Massachusetts, aliyeifunga Trenton State 9 kwa 6. Baadaye mashindano yaligawanyika katika Daraja la Kwanza, la Pili na la Tatu, na kila daraja lina kitabu chake cha rekodi. Kuandika kwamba mtu fulani anashikilia "rekodi ya vyuo vikuu" bila kutaja daraja ni kuacha nusu ya habari, kwa kuwa mchezaji wa Daraja la Tatu anaweza kuwa na mabao mengi kuliko wa Daraja la Kwanza bila wawili hao kuwahi kukutana na mpinzani mmoja.

Kabla ya NCAA kulikuwa na AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni, na hapa ndipo hesabu za mataji hutofautiana. Maryland, chuo chenye mataji mengi kuliko chochote katika Daraja la Kwanza, kina mataji 14 ya NCAA, ambayo kati yake saba yalipatikana mfululizo kuanzia 1995 hadi 2001. Ukiongeza ubingwa wake wa AIAW wa mwaka 1981, unapata 15. Namba zote mbili ni sahihi, na kinachotakiwa ni kusema unatumia ipi. Ninashauri usiufute ule wa 1981 kana kwamba haukuwahi kuwepo, kwa maana wasichana wale walicheza na kushinda mashindano makubwa kuliko yote yaliyokuwapo wakati wao.

Majina ya vyuo nayo yanahitaji uangalifu. Trenton State ya mwaka 1982 leo inaitwa The College of New Jersey, hivyo rekodi zake huonekana chini ya majina mawili. Maryland na Loyola Maryland ni vyuo viwili tofauti. Penn ni University of Pennsylvania iliyoko Philadelphia, ilhali Penn State ni chuo kingine kabisa. Boston College na Boston University viko katika eneo moja, vyote vina timu ya wanawake katika Daraja la Kwanza, na kuvichanganya ni rahisi mno kwa mtu anayesoma orodha upesi.

Kuisoma karatasi ya takwimu ya mechi

Kila rekodi kubwa imejengwa kwa karatasi za mechi mojamoja, na kila karatasi ina safu zenye herufi fupi. G ni mabao, A ni pasi za mabao, na PTS ni pointi, yaani jumla ya hizo mbili. Bao lina pointi moja na pasi ya bao ina pointi moja. Hakuna bao la pointi mbili, wala hakuna bao linalogawiwa watoa pasi wawili. SH ni mashuti yote, na SOG ni yale yaliyolenga goli, ambayo yangeingia kama kipa asingeyazuia pamoja na yale yaliyoingia kweli. Shuti lililogonga mwamba na kurudi uwanjani huhesabiwa katika SH, lakini halimo katika SOG.

Pasi ya bao ndiyo safu yenye utata mkubwa zaidi, na inafaa kuitazama kwa karibu. Fikiria mchezaji aliyesimama nyuma ya goli, mahali ambapo katika lakrosi mchezo huendelea kama kawaida, anampigia mwenzake anayekimbilia mbele ya lango; mwenzake anadaka na kurusha kwa mwendo uleule, na mpira unaingia. Hiyo ni pasi ya bao bila ubishi. Sasa badili kidogo: mwenzake anadaka, anasimama, anamchenga beki mmoja, anageuka, kisha ndipo anafunga. Hapo bao limetokana na juhudi za mfungaji mwenyewe, na mtunza takwimu hapaswi kutoa pasi ya bao. Kati ya mifano hii miwili kuna mamia ya matukio yaliyo katikati, ambayo huamuliwa kwa nusu sekunde na mtu mwenye karatasi au kompyuta mbele yake, mara nyingi mtu wa chuo kinachoandaa mechi. Sisemi kwamba watu hao hupendelea. Ninachosema ni kwamba rekodi ya mabao inategemea mwamuzi wa uwanjani, ilhali rekodi ya pasi za mabao inategemea pia jicho la mtunza takwimu, na msomaji makini hazipi namba hizo mbili uzito uleule.

GB ni mipira ya chini, yaani mipira iliyoanguka huku pande zote mbili zikiigombea, kisha mchezaji akaiokota na kuipatia timu yake umiliki. Mchezaji aliyeangusha mpira peke yake na kuuokota bila mpinzani karibu hapewi kitu. DC ni kuupata mpira wa kuanzia, ule unaonyanyuliwa katikati ya uwanja, na mpira uliopatikana kwa njia hiyo huandikwa katika safu ya DC peke yake, bila kurudiwa katika GB. Kosa ambalo waandishi wengi hulifanya hapa ni kudhani kwamba DC ni ya yule aliyesimama katikati na kuunyanyua mpira. Sivyo: anayepewa ni yule aliyeishia na mpira katika wavu wake, hata kama alikuwa ameusubiri pembeni mwa duara la katikati ya uwanja. Kwa hiyo mchezaji mahiri wa kunyanyua, anayeuelekeza mpira kwa mwenzake kila mara, anaweza kuwa na namba ndogo kuliko mchango wake, na mwenzake akawa na namba kubwa kuliko wake.

TO ni mipira iliyopotezwa, na CT ni mipira ambayo mlinzi alisababisha wapinzani waipoteze kwa kuingilia pasi au kuugonga mpira utoke wavuni. Kila CT ya timu moja lazima iwe na TO upande wa pili, lakini si kila TO ina CT, kwa sababu pasi mbovu iliyotoka nje ya uwanja haikusababishwa na mtu. FPS ni mashuti ya adhabu, ambayo mchezaji aliyechezewa rafu karibu na lango hupewa kwenye tao la mita 8, yaani mstari uliopinda uliochorwa mbele ya goli. Mashuti hayo, na mabao yake, yamo tayari ndani ya SH na G. Usiyajumlishe mara ya pili.

Kabla ya kuiamini karatasi yoyote, ipime kwa mahesabu machache. Mabao ya timu moja ukiyajumlisha na mashuti aliyookoa kipa wa wapinzani yanapaswa kukupa SOG ya timu hiyo, au namba iliyo jirani nayo kabisa. CT ya upande mmoja isizidi TO ya upande mwingine. Na jumla ya DC za timu zote mbili inapaswa kukaribia jumla ya mabao ukiongeza mianzo ya robo. Chukua fainali ya mwaka 2023, ambapo Northwestern waliifunga Boston College 18 kwa 6: mabao ni 24, robo ni nne, hivyo mipira ya kuanzia ilipaswa kuwa takriban 28. Hesabu haitalingana kikamilifu kila mara, kwa kuwa bao la sekunde za mwisho wa robo halifuatwi na mpira mwingine wa kuanzia katika robo ileile, lakini karatasi inayoonyesha DC 40 katika mechi ya mabao 24 ina kasoro, na haifai kunukuliwa mpaka kasoro hiyo ipatikane.

Kuhusu makipa, namba mbili ndizo za msingi. Asilimia ya uokoaji hupatikana kwa kugawanya mashuti yaliyookolewa kwa jumla ya yaliyookolewa na yaliyoingia. Wastani wa mabao ya kufungwa hupatikana kwa kuzidisha mabao aliyofungwa kwa 60 na kugawanya kwa dakika alizocheza. Kwa mfano wa kubuni, kipa aliyecheza dakika 45, akafungwa mabao 9 na kuokoa 8, ana asilimia ya 47.1 na wastani wa 12.00, ijapokuwa alifungwa mabao 9 tu. Namba ya pili inaeleza ulinzi mzima uliokuwa mbele yake zaidi ya inavyomweleza yeye, hivyo anayetaka kulinganisha makipa aanze na ile ya kwanza.

Kulinganisha rekodi za misimu na za miaka yote ya chuo

Mwaka 2021 Charlotte North wa Boston College alimaliza msimu akiwa na mabao 102, akaivuka rekodi ya mabao 100 ambayo Courtney Murphy wa Stony Brook aliiweka mwaka 2016. Rekodi hiyo ya North ilidumu hadi 2025, ilipovukwa na Madison Taylor wa Northwestern. Tazama jinsi ilivyopatikana. Boston College walicheza mechi 21 mwaka ule, wakashinda 18, na mechi ya mwisho ilikuwa fainali waliyoifunga Syracuse 16 kwa 10, ambayo ndani yake North peke yake alifunga mabao sita. Kwa maneno mengine, alipoingia katika fainali alikuwa na mabao 96. Laiti timu yake ingetolewa katika nusu fainali, rekodi ya Murphy ingebaki palepale na North angekuwa mchezaji mwenye kipaji kilekile.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kulinganisha ni kugawanya kwa idadi ya mechi. Mabao 102 kwa mechi 21 ni wastani wa 4.86 kwa mechi, na wastani huo ndio unaoweza kuwekwa kando ya wa mchezaji ambaye timu yake ilicheza mechi 16 au 17 tu. Mechi za mtoano za kitaifa huingia katika hesabu ya msimu, kwa hiyo mchezaji wa timu imara hupata nafasi zaidi, ingawa pia hukutana na walinzi bora zaidi katika mechi hizo za ziada. Andika jumla na wastani pamoja; kimoja peke yake hakitoshi.

Hatua ya pili ni kuvunja pointi katika mabao na pasi. Jen Adams, Mwaustralia aliyechezea Maryland na kupata tuzo ya kwanza kabisa ya Tewaaraton, ile ya mchezaji bora wa lakrosi vyuoni, kwa wanawake mwaka 2001, alikuwa na pointi 148 msimu huo: mabao 88 na pasi za mabao 60. Kylie Ohlmiller wa Stony Brook alipata pointi 164 mwaka 2017: mabao 78 na pasi 86. Kwa jumla Ohlmiller yuko juu, kwa mabao Adams ndiye aliye juu, na pasi zilikuwa asilimia 52.4 ya pointi za Ohlmiller dhidi ya asilimia 40.5 kwa Adams. Katika hesabu ya miaka yao yote ya chuo picha ni ileile kwa sehemu: Adams alimaliza na pointi 445, yaani mabao 267 na pasi 178, na Ohlmiller alimaliza mwaka 2018 na pointi 498, yaani mabao 252 na pasi 246. Anayeuliza nani alikuwa mfungaji mkubwa kati yao na anayeuliza nani alizalisha mabao mengi zaidi kwa timu yake hawaulizi swali moja, na jedwali lenye safu ya PTS peke yake haliwezi kuwajibu wote wawili.

Hatua ya tatu ni kuangalia sheria za wakati ule. Msimu wa 2017, ambao ndio Ohlmiller alipata pointi zake 164, ulikuwa wa kwanza kwa saa ya mashambulizi ya sekunde 90, yaani muda ambao timu yenye mpira lazima irushe kabla haujaisha, katika Daraja la Kwanza. Kabla yake timu iliyokuwa inaongoza iliweza kuushikilia mpira kwa dakika kadhaa bila kurusha, na mashabiki waliokuwapo wanakumbuka jinsi dakika za mwisho zilivyokuwa za kuchosha. Saa hiyo iliongeza idadi ya mashambulizi, na kwa hiyo nafasi za kufunga. Msimu uliofuata, 2018, idadi ya wachezaji wanaoruhusiwa kukaa katikati ya uwanja wakati wa mpira wa kuanzia ilipunguzwa hadi watatu kwa kila timu, na tangu hapo namba za DC za kabla na za baada hazifai kuwekwa katika orodha moja bila maelezo. Hata hivyo, usikimbilie kusema kwamba rekodi za kabla ya 2017 ndizo ngumu na za baada yake ni nyepesi: walinzi na makipa nao wamebadilika, na Murphy alifunga mabao yake 100 saa hiyo ikiwa bado haijaanza kutumika.

Njia bora ya kupima athari za kipindi, kwa maoni yangu, ni kutafuta sehemu ya mabao ya timu ambayo mchezaji alihusika nayo. Chukua mabao yote ya timu katika msimu, kisha tafuta asilimia ambayo mchezaji alifunga au kuyatolea pasi. Asilimia hiyo haikuzwi na saa ya mashambulizi, wala haipunguzwi sana na kanuni inayoruhusu saa ya mchezo kukimbia bila kusimama tofauti inapofika mabao 10, kwa kuwa mambo hayo huigusa timu nzima. Kazi hii inachukua muda, kwa maana inabidi utafute jumla za timu katika kumbukumbu za chuo husika, lakini inastahili kila dakika, na ninatamani waandishi wengi zaidi wangeifanya.

Hatua ya nne ni kuhesabu misimu. Kwa kawaida mwanafunzi ana misimu minne ya kucheza. Mwezi Machi 2020 mashindano yalisimamishwa kwa sababu ya janga la korona, na NCAA ikawapa wachezaji wa msimu huo mwaka mmoja wa ziada. Charlotte North alianza Duke, akahamia Boston College, na kumaliza mwaka 2022 akiwa na mabao 358. Msimu wa 2020 uliokatika umo ndani ya hesabu hiyo, na ule wa ziada umo pia. Izzy Scane wa Northwestern, aliyeukosa msimu wote wa 2022 kwa jeraha la goti, alirudi na kumaliza mwaka 2024 akiwa na mabao 376, yaani 18 zaidi. Wote wawili walifaidika na ruhusa ileile, kwa hiyo kuwalinganisha wao kwa wao ni haki. Kuwalinganisha na Adams, aliyecheza misimu minne kamili kuanzia 1998 hadi 2001, kunadai maelezo ya ziada katika sentensi ileile na si katika tanbihi ya mbali.

Mfano wa North unafunza jambo jingine. Mabao aliyofunga Duke yanahesabiwa katika rekodi yake ya NCAA, lakini kitabu cha rekodi cha Boston College hakiyahesabu. Ukikuta namba mbili tofauti kwa mchezaji aliyehama, usidhani mojawapo ni kosa la uchapaji. Angalia kwanza kichwa cha jedwali.

Kuiandika rekodi

Unapoiandika, weka katika sentensi moja jina, chuo, daraja, aina ya rekodi, namba, na tarehe ambayo namba hiyo ilikuwa sahihi. Mfano: "Hadi mwisho wa msimu wa 2024, Izzy Scane wa Northwestern alikuwa na mabao 376, mengi kuliko ya mchezaji yeyote katika historia ya Daraja la Kwanza la NCAA." Maneno "hadi mwisho wa msimu wa 2024" yasiachwe, kwa sababu rekodi za mchezo huu zimekuwa zikivukwa mara kwa mara katika miaka ya karibuni, na makala iliyoandikwa bila tarehe huanza kudanganya siku rekodi inapovukwa.

Kumbukumbu za chuo na za NCAA zikihitilafiana, rudi kwenye karatasi za mechi na ujumlishe mwenyewe, mechi kwa mechi. Mara nyingi tofauti itakuwa ya pasi moja au mbili za mabao zilizosahihishwa siku chache baada ya mechi, marekebisho ambayo upande mmoja uliyaingiza na mwingine haukuyaingiza. Ukiipata mechi yenyewe, itaje katika maelezo yako pamoja na namba zote mbili, kisha utumie ile ya NCAA katika jedwali lako, ili wachezaji wote waliomo wawe wamepimwa kwa kipimo kimoja.